Hesabu ya kalori ya bibi harusi haiishii kanisani

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Desemba 2025 kuhusu dawa za kutibu unene uliokithiri umeandikwa kwa tahadhari. Unawahusu watu wazima ambao uwiano wa uzito na urefu wao, yaani BMI, umefika 30 au zaidi. Unataka dawa itumike kwa muda mrefu, pamoja na lishe na mazoezi, unawaweka kando wajawazito, na pendekezo lenyewe limetolewa kwa masharti. Habari hiyo ilipofika Kampala, ikapita saluni na kwenye makundi ya WhatsApp ya kamati za harusi, masharti yote yalikuwa yameshabaki njiani. Kilichofika ni sindano tu: ipo sindano, WHO wameipitisha, bibi harusi akichoma gauni litamkaa. Na kwa kuwa hataza ya semaglutidi, dawa iliyomo ndani ya sindano ya Ozempic, yaani haki ya kampuni moja pekee kuitengeneza, ukomo wake nchini India ni Machi 2026, na India ndiko zinakotoka dawa nyingi za famasi zetu, sioni kwa nini mazungumzo haya yapoe. Yatazidi.

Wanaobishana wamegawanyika kambi mbili. Wa kwanza wanasema bibi harusi ana haki ya kupendeza siku yake, na kalori ni hesabu: ale kidogo, apungue, basi. Wa pili wanasema huu ni uzungu, kwamba mwanamke wa Kiganda au wa Kinyankole hajawahi kusifiwa kwa mifupa. Mimi naona kambi zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zinagombania siku moja, Jumamosi moja yenye kamera na mahema, ilhali mwili anaokwenda nao mwanamke kanisani ndio ule ule ambao, kwa wengi, utabeba mimba ndani ya miezi michache. Ukikipima chakula cha bibi harusi kwa mwaka unaofuata harusi, hesabu ya kalori inabaki vile vile lakini jibu linageuka: apunguze kidogo, aanze mapema, na damu yake ipimwe kabla kiuno chake hakijapimwa.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anahitaji kujua kwamba harusi ya Uganda aghalabu ni mbili. Kwa Baganda kuna kwanjula, siku ambayo binti anamtambulisha mchumba wake mbele ya wazazi na ukoo. Magharibi kuna kuhingira, ambako nyumbani wanamuaga. Baadaye ndiyo inakuja kanisa, au nikaha kwa Waislamu. Kwenye kwanjula anavaa gomesi, nguo inayotaka mwili: mabega yaliyochongoka, mshipi mpana uliofungwa chini ya kiuno, na kwa ndani kikooyi kinachozungushwa ili nyonga zijae. Nimewahi kuona kikooyi cha pili kikiongezwa chini ya gomesi ya binti aliyekuwa anajinyima chakula tangu Pasaka, huku ssenga wake, yaani shangazi, akinung'unika kwamba mtoto amebaki ubao. Baada ya wiki chache binti huyo huyo alitakiwa aingie kwenye gauni jeupe la kukodi. Mwili mmoja unaombwa ujae kwa ajili ya wazee na upungue kwa ajili ya mpiga picha, na hakuna mtu kwenye kamati anayeona kituko hapo. Hata hilo gauni halidai mengi kama linavyosingiziwa. Magauni mengi ya kukodi yana kamba mgongoni mahali pa zipu, na kamba hizo zikilegezwa au kukazwa gauni linawatosha watu wa saizi mbili au tatu. Ukishona lako, fundi anayeijua kazi yake huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Kazi ya kulikutanisha gauni na mwili ina wenyewe, na wanalipwa kwa ajili yake.

Hoja ya uzungu ndiyo dhaifu kuliko zote, na inarudiwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Mwingereza John Hanning Speke alipopita Karagwe mwaka 1861, kusini tu ya mpaka wetu wa leo, aliwakuta wanawake wa nyumba ya mtawala Rumanika wakinyweshwa maziwa mpaka kusimama kukawa shida. Kwa Bahima, wafugaji wa Ankole magharibi mwa Uganda, binti aliyekaribia kuolewa aliwekwa ndani akalishwa maziwa ili anenepe. Ule nao ulikuwa mpango wa lishe wa kabla ya harusi, wenye kipimo, msimamizi na tarehe ya mwisho; tofauti ni kwamba kalori zilikuwa zinaingia. Anayesema mila zetu zilimwacha mwanamke ale apendavyo hajawauliza mabinti wale. Tena ladha yetu ya miili haikuwahi kutulia. Miaka ya 1980, ugonjwa ulioitwa Slim, yaani UKIMWI, ulipoanza kuua watu Kasensero na kwingineko Rakai, kukonda kukawa hukumu, na mpaka leo wazee wengi wakimwona binti amepungua ghafla hofu yao ya kwanza inatoka huko. Siwacheki, walizika watu. Kisha mwaka 2019 waziri mdogo wa utalii, Godfrey Kiwanda, akaja na shindano la Miss Curvy akitaka wanawake wenye maumbo wawe kivutio cha watalii, na nchi ikagawanyika kwa hasira. Mwembamba anashukiwa, mnene anawekwa kwenye tangazo. Mtu asiniambie kuna mwili mmoja wa Kiafrika ambao bibi harusi anausaliti.

Hoja ya kambi ya kwanza ina uzito zaidi, kwa sababu hesabu ni kweli. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba takriban kalori 7,700. Ila watu huitaja kanuni hii bila kuipigia hesabu mpaka mwisho. Tuseme binti ana kilo 70, anafanya kazi ya ofisini Nakasero, Kampala, na mwili wake unatumia kama kalori 2,000 kwa siku. Anataka kupunguza kilo nane, na harusi iko wiki sita mbele. Kilo nane ni kalori 61,600. Zigawe kwa siku 42, unapata upungufu wa karibu 1,470 kila siku. Anabakiwa na 530. Rolex moja ya barabarani, mayai mawili yaliyokunjwa ndani ya chapati pamoja na mafuta ya kukaangia, inafika hapo au inapita. Kwa maneno mengine, bibi harusi huyo anaambiwa aishi kwa pungufu ya rolex moja kwa siku, kwa wiki sita, huku akizunguka mjini kusambaza kadi na kugombana na mpambaji. Lishe ya chini ya kalori 800 madaktari huitoa kwa uangalizi tu, kwa sababu kupungua kwa kasi hiyo huleta mawe kwenye nyongo, kizunguzungu na kuisha kwa misuli. Anayeuza mpango kama huo mtandaoni hana hata kipimo cha presha.

Halafu kuna swali la nini hasa kinahesabiwa. Programu nyingi za simu zilitengenezwa kwa watu wanaokula vyakula vyenye lebo, na matoke hayana lebo. Binti akifungua programu hiyo anaambiwa adui ni wanga, basi kwenye sahani anaanza kutupa matoke. Itazame sahani yenyewe. Matoke ya kufungwa kwenye majani ya mgomba hupikwa kwa mvuke bila tone la mafuta. Gramu 100 zina kalori kama 120. Karanga zilizotwangwa kwa ajili ya mchuzi wa binyebwa zina zaidi ya 560 kwa gramu hizo hizo. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni 120, na mpishi wa sherehe hapimi kwa kijiko. Kwa hiyo unamkuta binti ameacha matoke kwa uchungu mkubwa, amejaza binyebwa na parachichi kwenye nafasi iliyobaki, na mwisho wa wiki anashangaa mizani haisogei. Sisemi binyebwa ni mbaya. Ni chakula kizuri kuliko vingi tunavyovinunua. Nasema lawama imepelekwa nyumba isiyo na mwizi.

Na tusisahau vikao. Harusi ya mjini huandaliwa kwa mikutano ya kila wiki, jioni, kwenye ukumbi wa baa au hoteli ndogo, ambako ahadi za michango hutolewa huku soda, bia na nyama choma vikizunguka. Soda ya nusu lita ina kalori kama 210, na bia ya ukubwa huo haipishani nayo sana. Bibi na bwana harusi hukaa mbele, na kukataa kinywaji alichonunua mjomba ni utovu wa adabu. Kamati inamnenepesha mtu kwa miezi mitatu, kisha mwezi wa nne inamuuliza kama gauni bado linamtosha.

Wiki ya kwanza ya njaa huleta furaha inayodanganya. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu imeshikana na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha kula wanga, akiba hiyo inatumika, maji yanatoka, na mizani inashuka kilo moja na nusu au mbili bila mafuta ya maana kuguswa. Hapo ndipo picha za ushahidi hupigwa na kupelekwa kwenye kundi. Chai za kukondesha zenye sena zina ujanja unaofanana na huo: zinaharakisha utumbo mpana, wakati kalori zilishafyonzwa zamani kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na choo. Sahani ya kwanza ya fungate inavirudisha vyote.

Kuna hoja moja ya wanaozitetea lishe hizi ambayo naiheshimu, na wanaopinga lishe za harusi huikwepa. Inasema hivi: tarehe inasaidia. Mtu aliyeshindwa kuacha soda kwa miaka kumi anaiacha kwa ajili ya harusi, na kupungua kwa haraka kuna faida yake. Utafiti uliofanywa Melbourne na kuchapishwa mwaka 2014 unawapa nguvu. Watu 200 wenye unene uliokithiri waligawanywa, wengine wakapunguza kwa wiki 12 na wengine kwa wiki 36. Waliokimbia ndio wengi waliofikia lengo, na baada ya miaka mitatu makundi yote mawili yalikuwa yamerudisha kama asilimia 71 ya uzito waliopoteza. Kwa hiyo ule usemi wetu kwamba uzito uliotoka haraka hurudi haraka zaidi hauna hata mguu mmoja wa kusimamia. Ila tuyasome yote: waliokimbia walikuwa na wataalamu wa lishe mezani, na waliotembea polepole nao walirudishiwa uzito wao. Kasi haikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa nini kinafuata baada ya lengo kufikiwa, na harusi, kwa jinsi tunavyoipanga, haina kinachofuata.

Kuhusu maharusi wenyewe, Ivanka Prichard na Marika Tiggemann wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, walifuatilia zaidi ya wanawake 300 na kutoa matokeo mwaka huo huo wa 2014. Wapo wengi waliotaka kupungua kabla ya harusi. Kwa wastani hawakupungua. Miezi sita baada ya harusi walikuwa wameongezeka kama kilo mbili, na walioongezeka zaidi ni wale walioambiwa na mtu mwingine kwamba wapungue. Australia si Uganda, lakini hilo la mwisho lingefaa lisomwe kwenye kila kikao cha kamati, hasa kwa yule binamu anayejiita mshauri wa urembo.

Turudi kwenye sindano. Semaglutidi inafanya kazi, wala hakuna haja ya kuipaka matope. Kwenye jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, watu walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 katika wiki 68. Lakini dozi huanza na miligramu 0.25 kwa wiki na hupandishwa taratibu kwa miezi minne hivi hadi kufika 2.4. Anayeanza wiki sita kabla ya harusi atafika madhabahuni akiwa bado kwenye dozi za mwanzo, amepata kichefuchefu chote na sehemu ndogo tu ya faida. Akiacha, sehemu kubwa ya uzito hurudi. Waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha theluthi mbili. Hapo ni kama sindano yenyewe ni halali. Juni 2024 WHO walitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani, nchi zenye ukaguzi mkali. Kalamu ya sindano inayouzwa kwa ujumbe wa simu na kuletwa na boda boda bila barafu, nje ya famasi iliyosajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, hakuna awezaye kusema ina nini ndani.

Linalosahaulika zaidi ni hili: dawa hiyo inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba. Weka sharti hilo kando ya maisha ya bibi harusi wa Uganda. Harusi ikiwa Jumamosi, mama mkwe anaanza kuhesabu Jumatatu. Binti aliyejichoma mpaka wiki ya mwisho ili apendeze anaingia kwenye ndoa inayomtaka apate mimba mara moja, na hakuna aliyemwambia kwamba tarehe hizo mbili zinagongana. Anayejinyima bila sindano naye hayuko salama: mwili uliokosa nishati kwa wiki nyingi unaweza kusimamisha hedhi kabisa, na baadaye atapelekwa kwa waganga kutafutiwa tatizo ambalo lilianzia jikoni.

Utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 24 ya wanawake wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Upungufu wa damu ulikuwa kwa asilimia 32. Kati ya mambo haya mawili, la kwanza linazungumzwa saluni na la pili linazungumzwa kliniki ya wajawazito, wakati umeshapita. Lishe za harusi huondoa maharage, maini na nyama kwa sababu "zina kalori", zinaacha matango na chai ya rangi, na chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia hata yale madini ya chuma machache yaliyopo yasifyonzwe. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, inahitajika kabla mimba haijatunga, kwa sababu neli inayokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi, kabla wengi hawajajua kama wana mimba. Najua kuna wanaofunga ndoa kanisani wakiwa na watoto watatu wanaobeba pete na maua. Hao pia nawahesabu, tena zaidi: damu iliyopotea kwenye uzazi uliopita haijalipwa, na mara nyingi kuna mdogo bado ananyonya.

Hakuna katika haya linalosema binti mnene asipungue. Unene mkubwa huongeza hatari ya kisukari cha mimba, shinikizo la damu na upasuaji, kwa hiyo kupungua kabla ya kushika mimba ni jambo jema kiafya. Chukua binti yule yule wa kilo 70. Asilimia tano ya uzito wake ni kilo tatu na nusu. Upungufu wa kalori 300 kwa siku, kwa siku 90, unakaribia kumfikisha hapo. Kalori 300 ni soda moja ya nusu lita pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, na zinabaki chache za kubishania. Matoke yanabaki, maharage yanabaki, mboga ya majani ya nakati inaongezwa, binyebwa inapimwa. Mpango wa aina hii hautauzwa na mtu yeyote mtandaoni, maana hauna cha kuuza.

Vyombo vya kuufikisha tunavyo. Makanisa hutoa mafundisho kwa wachumba kabla ya ndoa na mengi huwataka wapime virusi vya UKIMWI. Siku hizi wengi wanashauriwa wapime pia selimundu, kwa sababu zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi nchini anabeba chembe yake ya urithi. Damu hiyo hiyo inayotolewa siku hiyo inatosha kupima wingi wa damu na sukari. Ssenga, ambaye kazi yake tangu zamani ni kumwandaa binti kwa ndoa, anaweza kuongeza vidonge vya chuma na foliki kwenye mambo anayoyasema faraghani. Na bwana harusi apimwe pia. Kitambi chake hakijawahi kuwa ajenda ya kikao, kanzu inakifunika, lakini sukari yake na presha yake ni sehemu ya ndoa kama zilivyo za mwenzake, na soda za vikao walizinywa pamoja. Harusi nyingi hufungwa Desemba. Kwa hesabu ya miezi mitatu ya kupunguza, na mingine mitatu ya kuijenga damu na kuzoea kula hivyo, kipimo hicho kinatakiwa kifanyike Juni, kabla kamati haijakaa kikao chake cha kwanza na kabla mtu hajamuuliza binti anavaa saizi gani.